Waliomtibu punda wa ami yangu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Nani mjini kwenu anafanya kazi kubwa bila kushukuriwa?" Jibu langu ni wahudumu wa hospitali ya punda ya Lamu, pale kando ya bahari, wanaotibu bure tangu 1987.

Vichochoro vya Amu, yaani mji wa Lamu, havipitiki kwa gari. Mchanga, mawe, saruji, mitungi ya gesi, mbebaji ni punda. Nilianza kuswaga punda wa ami yangu nikiwa bado shule ya msingi. Mmoja alikuwa na kidonda mgongoni, pale shogi, yaani tandiko la mizigo, linapokaa. Kila asubuhi tulikipaka oili chafu ya injini, maana ndiyo dawa tuliyoijua, kisha tukamtwika tena. Kikaingia funza. Siku aliyogoma njiani nilimpiga, na hadi leo nikikumbuka roho huniuma.

Mhudumu mmoja alitukuta gatini. Nilidhani atatufokea. Badala yake alimshika punda shingo, akaniambia, "Mwanangu, hebu weka kiganja hapa." Pembeni mwa kidonda palikuwa na moto kama chungu kilichotoka jikoni. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akatoa funza mmoja mmoja, kisha akamgeukia ami: "Bwana, huyu akifa utakula nini? Niachie wiki tatu."

Ami alinung'unika, lakini alimwacha. Punda aliporudi, tulionyeshwa namna ya kukunja magunia chini ya shogi ili mzigo usiguse uti wa mgongo.

Wapo wanaosema mnyama anayeteswa anyang'anywe mwenyewe. Kwa kwetu siafiki. Ami angenunua mwingine na kumfanyia yale yale. Kumbe alichokosa ni mtu wa kumfundisha.

Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, biashara iliyofanya punda wengi wa Kenya waibwe usiku. Nilifurahi mno. Lakini vidonda vya shogi, minyoo, na matumbo yaliyoziba kwa plastiki za jalalani bado vinawangoja wahudumu hawa kila kukicha.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Yule wetu, kila tukipita mbele ya hospitali ile, alisimama mwenyewe na kuingiza kichwa mlangoni. Na ami, aliyekuwa na haraka siku zote, alimngoja.