Re: Eti kafala imefutwa Saudia?

Mkuu, umeuliza kama kafala, ule mfumo unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri anayemdhamini, imefutwa Saudia, maana wakala kamwambia mdogo wako asiwe na wasiwasi. Huyo wakala anapiga porojo. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wengi wa makampuni kubadili mwajiri na kusafiri bila ruhusa yake, lakini wa kazi za ndani hawakuguswa. Na dada zetu wengi huendea hizo hizo.

Ubaya si lazima uanze na kipigo. Iqama, kibali cha mfanyakazi cha kuishi huko, kiko mikononi mwa kafili, yaani huyo mwajiri mdhamini. Mfanyakazi akikaa miezi bila mshahara kisha akaondoka, kafili anaripoti kwamba katoroka, na anayedai haki yake ndiye anageuka mhalifu. Pasipoti nayo imefungiwa kabatini kwa bosi, ingawa sheria ya huko huko inakataza.

Kabla mdogo wako hajasaini chochote, ulizia TaESA, ofisi ya serikali ya Tanzania ya huduma za ajira, kama wakala huyo anatambulika. Mkataba uwe wa lugha anayoisoma, nakala ubaki nayo wewe, pamoja na picha ya pasipoti na jina, simu na anwani ya kafili. Akiambiwa mkataba "utausaini ukifika", asipande ndege.