Anzia hapo hapo Kisumu

Mdogo wangu, umeuliza kama utafika uprofesa wa mekanika ya vifaa kwa kompyuta, yaani kukokotoa jinsi chuma na vifaa vingine vinavyohimili nguvu, ukiwa Kisumu, bila maabara. Utafika, ila njia ni ndefu: uzamili, uzamivu, kisha miaka ya kuchapisha utafiti.

Anza na CalculiX, programu ya bure ya kufanyia hesabu hizo. Chora bati pana lenye tundu dogo la mviringo, kama wanayotoboa mafundi wa jua kali pale Kibuye. Ligawe vipande vidogo vidogo, livute pande mbili zinazokabiliana. Mkazo (nguvu kwa kila kipimo cha eneo) ukingoni mwa tundu ukikaribia mara 3 ya ule wa mbali na tundu, umepatia. Kirsch, mhandisi Mjerumani, aliukokotoa mwaka 1898. Usipoupata, punguza ukubwa wa vipande karibu na tundu. Mimi nilikesha juma zima na bati hilo.

Na hesabu za tensa, zinazoeleza mkazo katika kila mwelekeo, usiziruke, tafadhali. Unapomwandikia msimamizi wa uzamili, ambatisha matokeo ya bati hilo.