Maswali na Majibu: Mwanafunzi aliyenieleza siri yake

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Kila ninapofundisha afya ya uzazi, wanafunzi wawili watatu humwita mwenzao majina ya kejeli na darasa zima hucheka. Juzi kijana huyo alibaki nyuma baada ya kipindi, akaniambia kwamba anavutiwa na wavulana wenzake, kisha akaniomba nisimwambie mtu. Mwalimu wa taaluma ananitaka nifuate kitabu na nisiongeze neno. Je, nikiligusia jambo hili darasani, si nitaonekana ninahamasisha? Na wazazi wake niwaambie?

JIBU: Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisilosubiri. Usiwaambie. Kijana anayefichuliwa kabla hajawa tayari anaweza kupigwa, kufukuzwa nyumbani au kuachishwa masomo, nawe huwezi kujua, ukiwa ofisini, wazazi watazipokeaje habari hizo. Kitakachokulazimu kumshirikisha mtu mwingine ni hatari, kwa mfano akikueleza kuwa anataka kujidhuru, au kwamba yupo mtu mzima anayemtumia kingono. Hata hapo utaeleza hatari yenyewe, si kijana anavutiwa na nani, na yeye awe wa kwanza kujua unakwenda kwa nani. Ikiwa sheria za mahali ulipo ni kali, usiyaandike mazungumzo hayo popote.

Hofu ya kuhamasisha si ngeni. Mwaka 1988 Uingereza ilitunga kifungu cha sheria kilichozikataza serikali za mitaa kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja, na walimu wengi wakanyamaza hata pale mwanafunzi alipokuwa akionewa mbele yao. Kifungu hicho kilifutwa Scotland mwaka 2000, kisha England na Wales mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuyaondoa mapenzi hayo katika orodha yake ya magonjwa tangu 1990. Mwongozo wa UNESCO kuhusu elimu ya ujinsia, toleo la 2018, nao unaeleza kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Huyo kijana wako, kwa vyovyote, hakuhamasishwa na kipindi chako.

Tena kitabu kinakupa nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Unapofundisha magonjwa ya zinaa, sema wazi kwamba yanaweza kuambukizwa kwa ngono ya uke, ya mkundu na ya mdomo, kwa sababu mwanafunzi aliyesikia habari za mimba peke yake ataondoka akiamini kwamba kondomu haimhusu. Unapofundisha ridhaa, tumia neno “mwenzi”, na kila mmoja atajiona ndani ya mfano bila kunyoshewa kidole. Kwa maswali, gawa vipande vya karatasi vinavyofanana na uwaagize wote waandike kitu, asiye na swali aandike “sina swali”, ili asionekane nani ameinama kuandika na nani hakuandika. Vikusanye na uvisome mwenyewe kabla ya kipindi kijacho. Humo utakuta mambo ambayo hakuna angethubutu kuyasema kwa sauti.

Kuhusu kejeli, likemee neno lenyewe papo hapo, kwa utulivu, kama ambavyo ungekemea tusi la kabila au la ulemavu. Usimtetee kijana kwa kusema “yeye si hivyo”, kwani utakuwa umekubali kwamba kuwa hivyo ni aibu, wala usiwaulize wenzake kama wanayoyasema ni kweli. Wakidai ni utani, waambie kwamba utani unaomfanya mtu achukie kuja shuleni ni uonevu.

Ukimwendea mwalimu wa taaluma, tanguliza hilo la uonevu bila kumtaja kijana, ukiwa na kanuni za nidhamu za shule mkononi. Anaweza kubishana nawe kuhusu mtaala. Kuhusu wanafunzi wanaovuruga kipindi kwa matusi, sidhani kama atakuwa na la kupinga.