Nyeupe ya Lamu si nyeupe ya Malindi

Mhariri, salamu. Wiki hii mmeuliza: "Sebule isiyopata jua la kutosha ipakwe rangi gani nyepesi?" Najua wengi watajibu "nyeupe" na kumaliza. Mimi nakaa Mkomani, Lamu, na jibu langu ni rangi ya malai yenye umanjano kidogo. Lakini tuanze na ukuta.

Nyumba yetu ni ya kale, ya matumbawe na chokaa. Kuta hizi hunywa unyevu na kuutoa, na ndani yake mna chumvi. Ukizipaka rangi ya plastiki, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi husukuma, na masika yakipita rangi imevimba na kubambuka. Hapo hata ungechagua rangi nzuri namna gani, kazi bure. Ukuta wa chokaa upakwe chokaa: nyepesi, mara tatu au nne, na kila mara ukuta ulowanishwe kwanza. Ikiwa mbichi huonekana kama maji tu, na fundi asiyeizoea huongeza unene. Ikipakwa nzito hivyo, ikikauka inapasuka, na kila anayeegemea ukuta huondoka na vumbi mgongoni. Mwambieni angoje, hiyo nyepesi itakuwa nyeupe ikikauka.

Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, maana upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko. Mwanga huingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, upande mmoja tu. Msanani, sehemu inayopakana na kiwanda, mwanga unatosha na kuzidi. Mwanga huo ukifika ndani, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umeshafifia. Nyeupe tupu saa sita mchana inaumiza macho huku nje, na ile ile kule ndani inageuka kijivu kama majivu. Ndiyo maana chokaa yetu tunaitia oksaidi ya manjano, ile rangi ya unga ya madini, kiasi cha kuvunja weupe tu. Msitie unga wowote mnaouona dukani. Ukali wa chokaa hufifisha rangi nyingi, lakini oksaidi huvumilia.

Dada yangu yuko Malindi, nyumba ya matofali ya simiti. Aliipenda rangi yetu akataka rangi ya maji inayofanana nayo. Dirisha lake ni kubwa, ila nje umesimama mwarobaini, na mwanga unaopita kwenye majani ulifanya ukuta uonekane wa kijani tangu asubuhi hadi magharibi. Kwake ilifaa krimu yenye uwaridi wa mbali, kwa kuwa uwaridi huzima kijani. Sebule yake sasa imetulia, ingawa kopo hilo hilo kwangu lingeonekana kama peremende.

Kwa hiyo msiamini kile kikadi cha dukani cha kuchagulia rangi. Chukueni katoni kubwa, ipakeni mara mbili, muisogeze ukuta hadi ukuta: asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Usiku msiupuuze, kwani balbu ya mwanga wa manjano huongeza umanjano wa malai, na balbu nyeupe huupunguza.

Wenye plasta mpya ya simiti waiache ikauke kama wiki 4 kabla ya kupaka. Na rangi ya kuchanganyiwa dukani nunueni ya nyumba nzima kwa mara moja, kisha makopo yote yamiminwe kwenye ndoo moja na kukorogwa, maana mchanganyo wa leo na wa wiki ijayo hautoki sawasawa.