Maswali Yenu: Bundi wa Athens Shingoni

SWALI: Dada habari za kazi, niko Tanga. Mchumba wangu ni baharia, meli yao ilitia nanga Piraeus, bandari ya Athens kule Ugiriki, akaniletea kidani cha silva chenye sarafu, upande mmoja mwanamke kavaa kofia ya vita, upande wa pili bundi katoa mimacho. Mama kakiona kasema hicho kitu hakilali humu ndani, bundi ni mkosi. Mdogo wangu nae anasema ni sarafu ya kale kweli, niuze nitajirike. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, usibishane na mama kwa ukali. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu wanaanza kuulizana nani anaumwa, hilo mama hajalitunga yeye. Ila huyo wako ana ukoo mwingine kabisa, ni ndege wa Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa zamani, wa hekima na vita na ufumaji, na ndo huyo huyo mwenye kofia upande wa pili. Walimpenda mpaka wakamuweka kwenye hela yao ya drakma 4, gramu 17 hivi za madini ya fedha, yani silva, karibu safi, na watu wenyewe wakaziita bundi tu. Mwambie mama hata leo euro 1 ya Ugiriki ina bundi huyo huyo na watu wananunulia mkate.

Kigeuze kidani ukitazame vizuri nyuma ya bundi, utaona kijitawi cha mzeituni. Wanasimulia kwamba Athena na Poseidon wa bahari waligombea mji wa Athens, Poseidon akapiga mwamba yakatoka maji ya chumvi, Athena akaotesha mzeituni, wakamchagua Athena. Na fedha yenyewe ilitoka migodi ya Laurion, kusini ya Athens, mwaka 483 KK hivi walipata mshipa mnono, watu wakataka wagawane hela, kiongozi wao Themistocles akawashawishi wajenge meli za vita na 480 KK meli hizo zikawapiga Waajemi pale kisiwa cha Salamis, kwa hiyo baharia wako kachagua zawadi inayomfaa. Lakini waliochimba kule chini walikuwa watumwa, na mimi inanikera sana wauzaji wakisimulia miungu tu hao watu hawatajwi.

Kuuza sahau. Hiyo ni nakala, na ushukuru ni nakala, maana Ugiriki mali ya kale inalindwa na sheria, kuitoa nchini bila kibali ni kesi. Za kale ziligongwa kwa nyundo moja moja ndo maana hazifanani, nyingi picha imeenda pembeni hadi kishungi cha kofia kimekatika. Yako ikiwa na mstari mwembamba umezunguka ukingoni, imemiminwa kwenye kalibu. Tafuta na muhuri wa 925, yani fedha asilimia 92.5, iliyobaki kwa kawaida shaba. Ukiukosa mpelekee sonara aipime. Mi ningeivaa, na mama ningemkalisha nimsimulie yote hayo.

SWALI: Mke wangu nataka nimnunulie pete, kuna ya Medusa na ya farasi mwenye mabawa, ipi nzuri? Mimi Mombasa.

JIBU: Kaka, hao ni mama na mwana! Medusa ni yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, shujaa Perseus alipomkata kichwa, huyo farasi, Pegasus, akatokea kwenye damu yake, na watu wa mji wa Korintho wakamuweka kwenye sarafu zao. Kichwa cha Medusa walikichora kwenye ngao na majengo kufukuza shari, kwa hiyo usiogope nyoka wale. Ila ukiniuliza mimi, tafuta Arethusa wa Syracuse, kule Sicily, yule binti aliyekuwa anakimbia mungu wa mto Alfeo akageuzwa chemchemi, kwenye sarafu pomboo wanamzunguka kichwa, na mafundi wake, Kimon na Euainetos, walitia saini. Mimi sijaona sarafu nzuri kuizidi ile.

SWALI: Hereni zangu za silva za Kigiriki zinakuwa nyeusi, nisugue na dawa ya meno?

JIBU: Hapana jamani! Fedha inakutana na salfa ya hewani na jasho inafifia, futa kwa kitambaa laini basi. Na ule weusi wa kwenye mabonde ya picha mara nyingi fundi kauweka makusudi uso uonekane, ukiusugua ukaisha inabidi urudi kwake aupake upya.