Maswali ya Wasomaji: Risasi Gani kwa Yadi 1,000, na Mtutu Utadumu Hadi Lini?

SWALI (Columbus, Ohio)

Shikamoo kaka. Mi niko huku Ohio, nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha na sasa nataka kuanza yadi 1,000 (mita 900 na kitu), hamu yangu siku moja nikapige kwenye uwanja wa mashindano wa Camp Perry. Jamaa mmoja pale klabuni ananiambia nichukue bunduki ya risasi ya .300 Winchester Magnum ndo baba lao, muuza duka anasema 6.5 Creedmoor, halafu kuna mzee kanishika mkono kando akaniambia hizo zote zinakula mtutu, nibaki na .308 nitaizeekea. Hela ya bunduki mbili sina. Nimsikilize nani?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujamsikiliza yeyote kati ya hao, amua kwanza unataka kushindana daraja gani, maana sheria inaweza kukuchagulia. Kwenye F-Class, yale mashindano ya kulenga mbali umelala na bunduki imeegemezwa, kuna daraja linaitwa F-TR, huko ni .308 na .223 tu, basi, unaweka bunduki kwenye miguu yake miwili mbele na unapiga. Ukienda F-Open mlango uko wazi karibu kwa kaliba yoyote, yaani tundu la mtutu la ukubwa wowote. Ukinunua 6.5 leo halafu kesho ukavutiwa na F-TR umekwama, na hela hamna.

Sasa tuje kwenye mtutu, manake hapa ndo maneno yanakuwa mengi. Watu wanaona risasi inapita inasugua chuma wanadhani ndo inayomaliza mtutu, kumbe muuaji mkubwa ni moto. Pale mbele tu ya chemba (risasi inapokaa kabla ya kupigwa), inapoanzia ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, gesi ya baruti inapita ikiwa na joto kali mno na presha kubwa, chuma kinapata moto ghafla kinapoa, kinapata moto kinapoa, mwisho kinaanza kupasuka mistari mistari kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Fundi akikuingizia kamera ndogo ndani utayaona hayo mapasuko kwa macho yako. Kila risasi inayofuata inang'oa kidogo, mifereji inazidi kusogea mbele, na risasi inaanza kuruka pengo kabla haijashikwa.

Kwahiyo cha kuuliza ni baruti kiasi gani inapita kwenye tundu la ukubwa gani. Chukua .308, inakula baruti kama greni 43 hivi (greni 15 na kitu ndo gramu moja). 6.5 Creedmoor inakula karibu kiasi hicho hicho, ila tundu lake ni jembamba zaidi, moto ule ule unabanwa kwenye njia ndogo. Halafu .300 Win Mag inapitisha greni 70 na zaidi kwenye tundu lile lile la .308! Hapo huhitaji mtu akueleze kwanini inachoka mapema.

Kwa mtu anayepiga shabaha, mtutu wa .308 unaweza kukupa risasi 5,000 na kuendelea. 6.5 Creedmoor hesabu 2,000 hadi 3,000. 6mm Creedmoor na .243 zikijazwa sana baruti zinaweza kuishia 1,200 au 1,500. .300 Win Mag weka kama 1,500. Zile 6.5-284 ambazo wakali wa yadi 1,000 walizipenda sana, wengine walikuwa wanabadilisha mtutu kwenye 1,000 tu na hawanuni. Hizi namba zinapanda na kushuka kufuatana na mpigaji na baruti yake, na ninaposema mtutu umekufa namaanisha hauweki tena risasi pale unapotaka, kwa anayewinda swala mita 150 huo mtutu bado ana miaka nao.

Yule mzee basi kasema kweli kuhusu .308. Ila hajakwambia bei yake. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni unaisogeza risasi ya .308 yenye uzito wa greni 175 karibu mita mbili na nusu ikifika yadi 1,000, wakati 6.5 Creedmoor ya greni 140 inasogea kama mita moja na robo tatu. Duara la kumi kwenye shabaha ya F-Class umbali huo lina upana wa inchi 10, sentimita 25 tu, sasa we piga hesabu ukikosea kusoma upepo kidogo unaangukia wapi. Tena .308 ikifika kule mwisho inakuwa imekaribia kushuka chini ya spidi ya sauti na hapo nyingine zinaanza kuyumba, 6.5 bado ina mwendo.

Na hela nayo tuiseme. Risasi za kiwandani za mashindano ni karibu dola mbili moja, ukimaliza mtutu wa 6.5 kwa risasi 2,500 umeshachoma kama dola 5,000. Mtutu mpya na fundi wa kuufunga haufiki hata robo ya hizo mara nyingi. Mtu anaulilia mtutu wakati hela inatoka kwenye maboksi ya risasi!

Huyo jamaa wa .300 mi simuungi mkono kabisa kwa mtu anayeanza. Siku ya mashindano unaweza kupiga risasi 60 na ushee, ile bunduki inakupiga bega mpaka unaanza kufumba macho kabla hujavuta kifyatulio, na ukishaizoea tabia hiyo kuiacha ni kazi.

Mimi nakwambia chukua 6.5 Creedmoor, isipokuwa moyo wako uko F-TR, hapo .308 bila kusita. Usiikimbize baruti kutafuta spidi ya ziada, na usipige harakaharaka. Siku hizi shabaha za elektroniki zinakuonyesha risasi ilipoangukia hapo hapo, watu wanamwaga risasi 20 ndani ya dakika chache kabla upepo haujageuka, mtutu unakuwa wa moto huwezi kuushika. Wanapata pointi lakini mtutu unalipa. Kwenye mazoezi hakuna anayekukimbiza, piga tano, tulia, andika upepo, endelea.

SWALI (Leicester, Uingereza)

Habari kaka, mi napiga .308 kwenye uwanja wa Bisley, risasi zimefika kama 4,000. Zamani zilikuwa zinakaa pamoja, sasa hivi naona zinatawanyika juu na chini. Mtutu ndo umekwisha?

JIBU

Usiuzike bado dada. 4,000 kwa .308 sio nyingi, hasa kwa mtindo wa huko Bisley ambapo mnalala wawili au watatu kwenye shabaha moja mnapokezana, mtutu unapata muda wa kupoa. Kaza skrubu zote kwanza, za kitako na za mtambo wa kulengea. Halafu usafishe vizuri mbele ya chemba, masizi yanaganda pale yakawa pete ngumu ambayo kitambaa cha mafuta hakiigusi, hiyo peke yake inatosha kuharibu mpangilio. Fimbo ya kusafishia ingizia upande wa chemba, ukiingizia mdomo wa mtutu unaukwaruza na mdomo ukishakwaruzika risasi inatoka upande. Baada ya hapo pima spidi. Ikiwa risasi zile zile zimeshuka spidi kuliko zamani na bado zinatawanyika, ndo uongee na fundi. Ila ukitaka kununua mtutu wa ziada ukae nao nyumbani, huko kwenu lazima uwe kwenye cheti chako cha silaha, anza kuulizia mapema.

SWALI (Nairobi)

Kaka sasa. Kuna mtu anauza .243 ya mkono wa pili, anasema haijapigwa sana. Nitajuaje?

JIBU

Poa ndugu. Bunduki kung'aa nje haikwambii kitu. .243 ilitoka 1955, ni ganda la .308 lililobanwa shingo likabeba risasi ya milimita 6, baruti nyingi tundu dogo, kwahiyo inaweza kuchoka huku rangi ya mbao bado mpya. Mwambie muuzaji bei mtaongea baada ya fundi mwenye leseni kuingiza kamera na kuangalia pale mifereji inapoanzia. Kisha ipigwe uwanjani kwenye karatasi, risasi tano mara mbili, mtutu ukiachwa upoe katikati. Akikataa achana naye. Na hakuna kutoa hata shilingi kabla hujakamilisha mambo ya Bodi ya Leseni za Silaha, wewe na yeye wote. Kupata mtutu mpya huko sio rahisi kama Marekani, ndo maana kwa bajeti hiyo hiyo mi ningetafuta .308.