Nungwi au Paje kwa familia yenye watoto

Dada, umeuliza huko Zanzibar mlale Nungwi au Paje siku tano na watoto wawili wadogo, na kama mkodi gari. Kwa watoto, nendeni Nungwi au jirani yake Kendwa. Sababu ni maji. Pwani ya mashariki, Paje hadi Jambiani, maji yakipwa bahari inakimbia mbali mno, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndiyo kabisa. Mtoto anayetaka kuogelea atasubiri saa nyingi. Kaskazini, huko Nungwi na Kendwa, bahari haiendi mbali hivyo. Paje naipenda sana, hasa asubuhi kina mama wanapokwenda kwenye mashamba ya mwani, lakini ni raha ya mtu mzima.

Gari la siku zote tano msikodi. Kutoka Zanzibar Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na daladala namba 116 inafika. Ila kwa mabegi na watoto, chukueni teksi siku ya kwenda na ya kurudi, mpatane bei kabla ya kupanda. Usiku wa mwisho laleni Mji Mkongwe, boti ya Dar inaondokea hapo hapo, bandari ya Malindi.